UZI: Orodha ya "wanafunzi wenye mahitaji maalum" ikipita mikononi, nani anaiona?

Kila msimu wa siasa ukikaribia, mjadala wa elimu ya juu huja na kauli tatu ambazo nyote mmezisikia, jukwaani au redioni. Ya kwanza: "Tutasajili kila mwanafunzi mwenye ulemavu nchi nzima ili apate msaada." Ya pili: "Tunataka orodha ya walionufaika ibandikwe hadharani, hatutaki siri." Ya tatu hutoka kwa mzazi, mara nyingi baada ya msiba: "Chuo kilijua mtoto wangu anaumwa, mbona mimi sikuambiwa?"

Zote hupigiwa makofi. Na zote, ukizitazama vizuri, zinahusu kitu kimoja: habari za ndani kabisa za kijana wa miaka 19 au 20, na nani ana haki ya kuzishika. Sitaji chama wala mwanasiasa, kama kawaida ya ukurasa huu. Naeleza sheria ilivyo na mambo yanavyokwenda maofisini, ili mtu akisimama kuahidi ujue la kumuuliza.

Ni mrefu. Kaeni na kahawa yenu.

Tuanze na safari ya karatasi, manake watu wengi hudhani siri hukaa kwa daktari tu.

Chukua mwanafunzi anayetoka kwetu Mtangawanda, kisiwani Pate, ambaye ana haki ya msaada wa ulemavu. Hali yake huandikwa wapi? Kwanza hospitali ya serikali, anakopimwa na kujaziwa fomu ya tathmini; kwetu sisi hiyo ni safari ya boti hadi Amu, kutegemea maji. Halafu Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, wanaosajili na kutoa kadi. Halafu fomu za basari, ya eneobunge na ya kaunti, na humo kuna mahali pa chifu kutia muhuri. Halafu maombi ya ufadhili na mkopo wa serikali mtandaoni. Halafu fomu ya kuingia chuo, yenye ukurasa mzima wa afya. Halafu ofisi ya mkuu wa wanafunzi au ile ya wanafunzi wenye ulemavu. Mwisho idara yake, ili apewe muda wa ziada kwenye mtihani.

Hesabu mwenyewe. Kila kituo kina karani, kina kabati, kina kompyuta. Na siku hizi kila kituo kina simu ya mtu aliyepiga fomu picha ili "aitume upesi" kwa WhatsApp. Hakuna anayejua picha ile inakaa kwenye simu ile mpaka lini. Watoto wa karani wakichezea simu jioni, wanaiona.

Sasa sheria inasemaje?

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja wazi kwamba habari za familia yake au mambo yake binafsi zisitakwe wala kufichuliwa pasipo sababu ya lazima. Angalieni neno "zisitakwe". Kosa halianzi siku habari inapovuja. Kuuliza tu usichokihitaji tayari ni tatizo.

Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huo. Inatenga fungu la "data nyeti": hali ya afya, asili ya kikabila, imani, alama za mwili kama vidole, hali ya ndoa, mali, hata majina ya wazazi na watoto wako. Ukiisoma orodha hiyo halafu ukaitazama fomu ya basari ya kawaida, utaona fomu karibu nzima ni data nyeti. Watu huzijaza juu ya goti pale gatini wakisubiri boti, na mwenzao anachungulia begani.

Kuna kanuni moja ndani ya kifungu cha 25 naipenda sana: habari za familia au za mambo binafsi zikusanywe pale tu ambapo maelezo ya maana ya kwa nini zinahitajika yametolewa. Yaani mwanafunzi akiulizwa "mama yako anaumwa nini?" ana haki ya kujibu kwa swali: "Mnaitakia nini?" Najua, najua. Ukiuliza hivyo dirishani siku ya kufunga usajili, unaambiwa usubiri pembeni. Lakini ndiyo sheria.

Jambo jingine ambalo wafuasi wa siasa mtalifurahia. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zina orodha ya shughuli ambazo anayezifanya lazima ajisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, hata akiwa mdogo kiasi gani. Kuendesha taasisi ya elimu imo. Kutoa huduma za afya imo. Na kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa kwa wapiga kura pia imo. Kwa hiyo yule anayekusanya namba za simu na majina ya "vijana wenye ulemavu wa eneo hili" kwenye daftari la kampeni, huyo naye yumo ndani ya sheria hii hii anayoitumia kuwabana wengine.

Sasa nifike kwenye kiini, na hapa nitakaa kidogo.

Mwanafunzi ana kifafa. Dawa zinamlegeza asubuhi. Anahitaji mtihani uwe wa mchana, na nusu saa ya ziada. Mhadhiri wake anahitaji kujua nini? Anahitaji kujua mambo mawili: mtihani mchana, nusu saa ya ziada. Basi. Hahitaji neno "kifafa". Hahitaji jina la dawa, wala barua ya daktari.

Mfumo mzuri hutenganisha vitu hivyo. Barua ya daktari inabaki kwa mtu mmoja au wawili wenye kiapo cha kutunza siri. Wanaisoma, wanaamua, kisha wanatoa karatasi fupi kwenda idarani inayosema huyu apewe hiki na hiki. Sheria yenyewe, kifungu cha 46, inataka data ya afya ishughulikiwe na mtoa huduma za afya au chini ya dhamana yake, au na mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Mshauri nasaha yumo humo, kwa taaluma yake. Karani wa idara akiajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu, hayumo, isipokuwa chuo kimemfunga kwa masharti hayo.

Kwenye vyuo vingi mambo hayaendi hivyo. Mwanafunzi anaambiwa alete nakala ya barua ya daktari kwa kila mhadhiri. Masomo sita, nakala sita. Muhula ujao, wahadhiri wengine, nakala nyingine sita. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Ni uvivu wa mfumo tu, lakini uvivu huo umemtawanya mtoto wa watu vipande kumi na mbili.

Nina jamaa yangu aliyesoma chuo fulani, sitakitaja. Siku moja kabla ya mitihani ofisi ilituma barua pepe kwa wote wanaopewa muda wa ziada, kuwaambia chumba kimebadilishwa. Barua moja, anwani zote zikionekana juu. Majina kamili, kwa sababu anwani za chuo huandikwa kwa jina na namba ya usajili. Ndani ya dakika tano kila mmoja alijua nani mwingine yumo. Mmoja wao alikuwa jirani yake wa bweni ambaye kwa miaka miwili alikuwa amewaficha wenzake. Hakurudi kwenye chumba kile cha mtihani. Alifanya na wengine, kwa muda wa kawaida.

Hivyo ndivyo madhara haya yanavyokuwa. Hayaonekani kwenye habari. Mtu anajiondoa tu kwenye msaada aliokuwa na haki nao, na takwimu za chuo zinasema mahitaji yamepungua.

Kisheria tukio kama lile lina jina, na lina saa. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika, chuo kinatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 tangu kijue, na kuwajulisha wahusika kwa maandishi. "Tunaomba radhi kwa usumbufu" kwenye kundi la darasa si taarifa.

Sasa mtu wa Nairobi anaweza kusema: toa majina, weka namba tu, mambo yameisha. Hapa ndipo sisi wa visiwani tuna la kuwafunza.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 22,258 Lamu Mashariki nzima. Kaunti nzima ni 143,920. Kwenye chuo chenye maelfu ya wanafunzi, wanaotoka Lamu Mashariki ni wachache, na wa Mtangawanda pengine ni mmoja, au hakuna. Sasa chapisha ripoti isiyo na jina hata moja: "Mwanafunzi wa kike, mwaka wa pili, ualimu, kutoka Lamu Mashariki, ugonjwa wa akili." Umeficha nini? Sisi tutamjua kabla boti haijafunga kamba. Tutajua na mamake anaitwa nani.

Na likishafika nyumbani halibaki kuwa lake peke yake. Linafika kwa mashangazi. Linafika kwa waliokuwa wanakuja kuposa. Linamwangukia mdogo wake ambaye hata mlango wa chuo hajauona. Hii ndiyo sababu mzazi wa kwetu anaweza kumwambia binti yake asiandike chochote kwenye ile sehemu ya afya, na mtu wa bara akaona huo ni ujinga. Si ujinga. Ni hesabu. Anapima msaada wa nusu saa dhidi ya maisha ya familia nzima kijijini, na kwa jinsi karatasi zinavyotunzwa siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo ukisikia "takwimu hazina majina", uliza vikundi ni vidogo kiasi gani. Wenye kujua kazi hiyo huacha kabisa kuchapisha kikundi chenye watu wachache mno, au huunganisha maeneo.

Turudi kwenye kauli ya pili, ile ya kubandika orodha.

Anayeitaka ana hoja, tusimdharau. Pesa za basari ni za umma, na sote tunajua habari za majina hewa na watoto wa wakubwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Ukikataza orodha yoyote kwa jina la faragha, wezi watashangilia kuliko wote.

Lakini uwazi unahusu pesa: kiasi gani kimetoka, kwa vigezo gani, kata gani, nani alikaa kwenye kamati. Hata majina ya waliopewa yanaweza kubandikwa kama utaratibu unasema hivyo na waombaji walijua tangu mwanzo. Kinachozua balaa ni ile safu ya mwisho kulia, inayosema "SABABU". Yatima. Mlemavu. Mama mgonjwa. HIV. Futa safu ile kwenye karatasi ya ukutani, iache kwa wakaguzi wenye mamlaka, na uwazi haujapungua hata senti moja.

Nchi hii imeshapita njia hiyo na mahakama imeshasema. Februari 2015 lilitoka agizo kutoka juu kabisa kwamba maafisa wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na walezi wao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikasema agizo lile lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya watoto. Ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama zisizomtambulisha mtu, ndani ya siku 45. Kumbukeni hiyo ilikuwa kabla hata ya Sheria ya Data kutungwa. Katiba peke yake ilitosha.

Na picha je? Ile hafla ya hundi kubwa ya karatasi, mwanafunzi kwenye kiti cha magurudumu amewekwa mbele, mheshimiwa ameshika kona moja? Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ridhaa ni yake mwenyewe. Lakini ridhaa gani hiyo, hundi ikiwa bado iko mkononi mwa mpiga picha? Sheria inasema ridhaa iwe ya hiari, na jukumu la kuthibitisha hivyo ni la anayekusanya. Kile kisanduku kidogo cha "nakubali taarifa zangu zitumike kwa shughuli yoyote" hakina nguvu watu wanayodhani.

Kauli ya kwanza sasa, ya kusajili kila mtu. Nitaipita haraka.

Kusajili si dhambi. Bila kujua wanafunzi wenye uoni hafifu ni wangapi huwezi kununua vifaa. Ila kila mradi mkubwa wa namna hiyo, wenye hatari kwa haki za watu, unatakiwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Data. Mradi wa kadi ya Huduma uligonga mwamba huo huo: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi zile ulikwenda kinyume kwa sababu tathmini haikufanywa kwanza. Mabilioni yalikuwa yameshatumika. Na mfumo wa ufadhili wa vyuo ulioanza 2023, ule wa kupanga wanafunzi kwa kiwango cha uhitaji, ulitumia vigezo kama hali ya wazazi, ukubwa wa familia, na ulemavu. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliukataa, hasa kwa sababu za ubaguzi na ushirikishwaji wa umma, mambo yakaenda rufaa. Katika kelele zote za nani kawekwa daraja lipi, ni wachache sana niliowasikia wakiuliza habari zile za familia zinakaa wapi na nani ana ufunguo.

Basi, mtu akiahidi kusajili, swali ni moja: tathmini iko wapi, tuisome?

Kauli ya tatu ndiyo ngumu. Sina jibu rahisi, na anayedai analo mtilie shaka.

Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima. Alichomwambia mshauri nasaha ni siri yake, na mzazi hana haki ya kukipata kwa kuwa tu ndiye analipa karo. Kwetu pwani hilo linasikika kama matusi. Mtoto ni wa ukoo, na ugonjwa ni wa ukoo. Lakini fikiria binti ambaye kinachomvuruga ni huko huko nyumbani. Ukimpigia baba yake simu, umemrudisha kwenye moto alioukimbia.

Tena kwa miaka mingi kulikuwa na ukuta mwingine. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoachiwa na mkoloni, kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Yaani kijana aliyejaribu, akakosa kufa, akienda kwa mshauri wa chuo na kusema ukweli, alikuwa anakiri kosa. Nani angefungua mdomo? Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kwa maoni yangu uamuzi ule umefanya kazi kubwa kwa wanafunzi kuliko ahadi zote za "vituo vya afya ya akili kila chuo", kwa sababu kituo ambacho ukisema ukweli unashtakiwa si kituo.

Lakini siri nayo isiwe kisingizio. Sheria inaruhusu kutoa habari pale inapobidi kulinda uhai wa mhusika au wa mtu mwingine. Mshauri akiona hatari ya kweli, ya leo, anaweza kumwambia anayeweza kusaidia, na amwambie kile tu kinachohitajika. Hapo hakuna haja ya kutafuta fomu ya ridhaa.

Uingereza walilipitia hili kwa uchungu. Chuo cha Bristol kilipoteza wanafunzi kadhaa kwa kujiua katika kipindi kifupi, na 2018 kikaanza utaratibu ambao mimi naona wanafaa kuuiga hata wetu. Wakati wa usajili mwanafunzi anaulizwa mapema, akiwa mzima: tukiwa na wasiwasi mkubwa juu yako, tumpigie nani? Na unaruhusu? Zaidi ya asilimia 90 waliruhusu. Anayemtaja anaweza kuwa mama, anaweza kuwa kaka, anaweza kuwa mjomba wa Malindi. Ridhaa imechukuliwa siku ya utulivu, si usiku wa dharura.

Chuo hicho hicho kilipelekwa mahakamani na wazazi wa mwanafunzi wa fizikia aliyefariki mwaka huo wa 2018. Alikuwa na hofu kali ya kuzungumza mbele za watu, na masomo yake yalipimwa kwa mahojiano na maelezo ya mdomo. Mahakama ilisema 2022, ikathibitishwa na Mahakama Kuu 2024, kwamba chuo kilimbagua kwa kutobadilisha njia ya kumpima. Mhimu hapa: waalimu wa idara walishaona kwamba hawezi, na kisingizio cha kusubiri karatasi rasmi za ugonjwa hakikukubaliwa. Sasa unganisheni na yule mwanafunzi wangu wa kifafa. Idara haikuhitaji siri za daktari ili imsaidie mtu. Ilihitaji kubadilisha mtihani.

Kuna kauli ya nne ambayo haisemwi jukwaani lakini ipo. "Usalama."

Chuo kikiwa na migomo au maandamano, faili za wanafunzi huwa na thamani mpya. Kwenye vyuo vingi ofisi inayoshughulikia ustawi wa mwanafunzi na inayoshughulikia nidhamu yake ziko chini ya mtu mmoja, wakati mwingine korido moja. Alichokiri kwa mshauri Machi kinaweza kutokea mezani Julai akiitwa kwenye kamati. Hilo pekee linatosha kumfanya mtu mwenye akili asiende kwa mshauri.

Sisi wa Lamu neno hilo tunalijua linavyoweza kutanuka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, tuliwekewa kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Wavuvi wa Pate walikuwa na hatia gani? Kwa hiyo nikisoma kwamba sheria ya data ina msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, nasoma na mstari unaofuata. Kifungu cha 51 kinaanza kwa kusema msamaha huo haumwondolei mtu wajibu wa kufuata kanuni za msingi: kuwa na uhalali, kuchukua kidogo kinachohitajika, kulinda kilichochukuliwa. Afisa akija na ombi la mdomo la "faili zote za wanafunzi wa kutoka kaunti fulani", chuo hakijalazimika kufungua kabati. Kidai maandishi, kifungu cha sheria, na jina la anayetafutwa.

Mnaoniuliza kila mara "sasa mtu afanye nini?", haya ya mkononi.

Una haki ya kuiandikia ofisi yoyote ya chuo uonyeshwe data waliyo nayo juu yako. Kanuni za 2021 zinawapa siku 7. Kama kuna kosa, una haki lirekebishwe. Nimeona mtu aliyeandikwa "ugonjwa wa akili" kwa sababu karani hakujua pa kuweka usonji. Wakikupuuza, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, hata mtandaoni bila kupanda boti, na uchunguzi unatakiwa uishe ndani ya siku 90. Fidia inaweza kudaiwa hata kama hukupoteza shilingi. Fedheha na msongo wa mawazo vinahesabiwa. Faini nayo ina kikomo: milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita kwa shirika, ile iliyo ndogo. Kwa chuo kikubwa hiyo si pesa ya kukosesha usingizi, na kama kuna mtu bungeni anatafuta marekebisho ya maana ya kupigania, aanzie hapo.

Wenzetu wa Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza Mei 2023, na Tume yake. Uganda wana yao ya 2019. Maneno yanatofautiana, maswali ni yale yale.

La mwisho nililoulizwa na mzee mmoja hapa hapa kwetu, na nilidhani ni swali dogo mpaka nilipolifikiria: "Mwanangu alimaliza 2017. Ile barua ya daktari sasa iko wapi?" Kifungu cha 39 kinasema data isikae zaidi ya muda inaohitajika, baada ya hapo ifutwe, au itolewe kila kinachomtambulisha mtu. Chuo kinaweza kuhitaji kuhifadhi alama za mtihani miaka yote. Barua ya kifafa ya mtu aliyehitimu miaka mingi iliyopita, haihitaji. Mzee tumemwandikia barua pamoja, jina la mwanawe na sahihi ya mwanawe, kwa kuwa mwenye haki ni yeye. Imeenda na boti ya Jumatatu. Majibu yakija, na mwenyewe akiruhusu, nitayaweka hapa chini ya uzi huu.

Uzi ujao: kamati za basari huchaguliwaje, na kwa nini mikutano yake huitishwa siku ambayo maji hayaruhusu boti.